Ukurasa wa Musonda

Ukurasa wa kumi na nne, daftari la madeni:
Musonda, lori la shaba. Nyanya tenga moja,
vitunguu nusu debe. Atalipa akirudi.
Kisha mistari mitupu mpaka chini.

Wanasema amekwama Tunduma.
Foleni imefika Mpemba, imepita Mpemba,
madereva wanapikia chini ya matela
wakisubiri majibu ya pua zao.

Mimi nilijua nini kuhusu shaba?
Nilijua inapita Ilula usiku, nzito,
ikitetemesha sufuria kabatini.
Sikujua kwamba kiwanda kikifunga mlango
huko ambako sitafika maisha yangu yote,
nyanya zangu zitaiva bure.

Na ziliiva. Mungu wangu, ziliiva!
Tenga la elfu thelathini likawa la elfu nne,
likawa "chukua tu, mama, lisiniachie harufu."
Tukamwaga korongoni. Mbuzi wakazichoka.
Tangawizi na malimao tu ndivyo vilivyopanda bei,
kila nyumba imejifunika blanketi juu ya nyungu.

Lakini niseme na hili, maana nililiona:
mkaratusi wa kizuizini, niliouzoea mweusi,
mvua moja iliuosha, ukabaki umeoshwa.
Upande wa Udzungwa pakatokeza mgongo wa mlima
nyuma ya ule tunaoujua.
Mwanangu akauliza umeletwa lini.

Kule Kitonga nyani walikaa kwenye kona saa zile zile,
wakingoja ganda la ndizi, gunzi, mkono dirishani.
Siku tatu.
Ya nne wakashuka
kwenye mahindi ya dada yangu Twilumba.
Nao walikuwa na daftari lao.

Kisha alfajiri moja sufuria zikatetemeka.
Nikatoka mbio, ndoo mkononi, kanga inaburuta.
Lori lile lile, namba ile ile, dereva mgeni.
"Musonda?"
Akatazama usukani.
Akanunua tenga zima, akalipa taslimu,
akaongeza noti ambayo sikumwomba.

Mlima wa nyuma sikuutafuta tena.
Lori liling'oka, likanitemea wingu lake,
nami nikalivuta kama mtu aliyenusa ugali jikoni.
Nikakohoa.
Wenzangu wakaruka pembeni, vitambaa puani.
"Moshi," nikawaambia, machozi yananitoka.
"Ni moshi tu."