Ukuta wa Dorsila

Udongo mweupe kauchimba kingoni mwa Yala,
mwekundu kichuguuni,
weusi ni masizi ya sufuria.
Brashi hana. Ana kidole,
na kipande cha sare yangu ya shule.

Kwanza kanga, mwili mtupu.
Kisha nukta, nukta, nukta,
kama apandaye wimbi.
"Ndege asiye na madoa," asema shangazi,
"ni tundu tu ukutani."

Mvua ya Aprili itaila mikia. Anajua;
karai hajaliosha.

Mwanawe kaleta saruji toka Kisumu, mifuko mitatu.
Imeganda uani, kuku wanailalia.

Kanga wa saba hana jicho.
"Hilo tia wewe."
Nachovya. Ukuta
bado una ubaridi wa asubuhi,
na mimi sijui
atatazama wapi.