Mfumo na Mfumi

Duka la mtaa wa Piotrkowska limetuuzia kompyuta
kwa malipo ya miezi kumi na minane,
nyeusi, nyembamba, haina hata tundu la diski.
Mama ameitandikia kitambaa mezani
kama anayempokea mkwe asiyemwamini.

Ile ya zamani ilikufa Jumanne, ikanuka nywele zilizoungua.
Ndani yake ilikaa programu ya ruwaza,
miaka ishirini na sita ya majogoo, matawi, nyota za theluji,
kila uzi na nambari yake,
na programu hiyo haijui mfumo mwingine
ila ule uliokwisha kutelekezwa na wenyewe walioubuni.

"Basi tuijengee nyumba ndani ya nyumba," nikasema.
"Mashine isiyo na mwili, ikae tumboni mwa hii."
Mama Bogumiła akakata uzi kwa meno.
"Jagna, zulia la kanisa la Zgierz ni Ijumaa."

Jaribio la kwanza: mstari wa kijani ukatambaa,
ukafika sabini na tatu kwa mia,
ukagoma kama punda. Hitilafu.
Tarakimu ndefu kama nambari ya mfungwa.
Nikazima kinga ya virusi. Nikapakua upya.
Nikaingia kama msimamizi, mwenye mamlaka yote,
nikakataliwa kwa mamlaka yote.

La pili likaisha vizuri mno.
Nikabofya, nikasoma:
"Uwezo wa kubeba mashine nyingine umezimwa."
Umezimwa! Kitu kipya, waranti bado inanukia wino,
na huko kiwandani mtu amekwisha kuifunga kizazi.

Nikamgongea Gniewko wa ghorofa ya nne,
akashuka na soksi, mkate mkononi.
"Izime. Iwashe. Kabla haijafumbua macho bonyeza F2,
bonyeza kama unayeua nzi."
Mara tatu nikachelewa, ikaamka,
ikatukaribisha kwa bashasha ya bure.
Mara ya nne tukashuka chini ya sakafu yake,
kwenye maandishi meupe juu ya buluu,
mahali kipanya hakifiki,
na swichi moja imeinamia upande wa Hapana.

Nikaigeuza. Nikahifadhi. Nikapumua.
Bado.

Gniewko akacheka, makombo yakaangukia kibodi:
"Humo ndani mna mtawala mwingine, alikuja na mfumo,
kakalia kiti kimyakimya.
Mafahali wawili, zizi moja?"
Tukamng'oa. Tukawasha tena.
Tramu ya mwisho ikapita ikitikisa glasi za chai.

Saa tano na robo usiku
dirisha likafunguka ndani ya dirisha,
samawati ile ile iliyopauka,
na mlio ule wa kuamka ambao mama huufuatisha kwa mluzi.
Akavaa miwani.
"Mbona imekuwa ndogo hivyo?"
kama aliyemwona jamaa nyuma ya kioo cha hospitali.
Majogoo walikuwepo wote, mikia kamili.

Mfumo umefumwa juu ya mfumo,
mtande juu ya mtande wa watu tusiowajua,
na mshindio mmoja ukikatika
lawama humwangukia mfumi.

Kisha nikaushika waya wa kitanda cha kufumia,
kichwa kipana, pini tisa,
nikaizunguka kompyuta mpya mbavu zake zote.
Hakuna tundu la kuupokea.
Gniewko akaacha kutafuna.

Mama hakuuliza. Alivuta stuli,
akafungua gia ya mkono, iliyolala tangu nikiwa shuleni,
akaweka mguu juu ya kikanyagio.
"Soma."

"Safu ya kwanza. Nyekundu nne, nyeupe mbili, nyekundu moja..."
"Polepole, mimi sina waya."
"Nyekundu nne."
"Nne."
"Nyeupe mbili."