Bastola ya Bei

Bado ninayo, kwenye mtoto wa meza, chini ya mabaki ya lesi:
bastola ya plastiki, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi.
Haiui. Hubandika bei.
Mwaka ule, pale Juiz de Fora, nilikuwa na miaka kumi na tisa
na kazi yangu ilikuwa kukimbia.

Meneja Waldecir alipiga kengele saa nne,
akapiga tena saa nane,
nasi wasichana wanne tukajitosa katikati ya rafu,
tak, tak, maharagwe,
tak, kahawa, sabuni, maziwa ya unga,
karatasi juu ya karatasi hadi kopo likanenepa shingo.
Wanawake walikimbia mbele yetu, mikono ikifagia,
waiwahi bei ya asubuhi kabla sijaizika.
Mmoja alikuwa mama yangu.
Hakunitazama. Nami sikupunguza mwendo.

Enzi hizo mashine ya noti ilikuwa karibu mno na meza ya wakubwa.
Kura zikikaribia, daraja likitakiwa, inachapa.
Kura zikipita, deni la daraja likidaiwa, inachapa.
Sufuri zikajazana kwenye noti kama mayai ya chura;
wakakata tatu, wakaibatiza sarafu jina jipya,
zikazaliana tena.
Kwa hiyo mtu akiniambia,
"Fedha ya wananchi iamuliwe na waliochaguliwa na wananchi,"
kidole changu cha shahada huanza kucheza chenyewe.

Lakini ngoja.

Leo nina karakana: cherehani sita, sidiria na nguo za kuogelea.
Tatu zimefunikwa shuka tangu Machi.
Barua ya mkopo imekuja na riba mpya,
maana kule Brasília watu wachache waliketi mezani
wakaona uchumi umepata joto, upoozwe.
Joto gani?
Lindalva, fundi wangu wa lastiki,
nilimwachisha kazi akiwa amevaa sweta mbili.

Jumamosi alikuja mbunge Genésio Prates.
Akainua ncha ya shuka kama anayetambua maiti.
"Dada Zulmira, hawa nani aliwapigia kura?
Turudishieni usukani, riba itashuka kabla ya Krismasi."
Nikamuuliza, na Krismasi ikishapita?
Akanywa kahawa. Akaisifu kahawa.

Jumapili akapiga simu Edmar, mtoto wa kaka yangu,
karani huko huko benki kuu, ghorofa ya chini.
"Vumilia, shangazi. Bei ikitulia utatushukuru.
Daktari hapigiwi kura."
Nikamwambia, daktari huja kitandani, mwanangu.
Hubonyeza, huuliza: hapa panauma?

Najua, fisi hapewi bucha. Mifupa niliiona.
Ila bucha lililofungwa,
ufunguo kaumeza mlinzi asiyewahi kupanga foleni,
hilo nalo linamuuzia nani nyama?
Haya, waliosoma wakae na ufunguo.
Lakini mlango uwe wa kioo,
wabunge wasimame nje, mikono mfukoni, midomo wazi,
na mara moja kwa mwaka mmoja wa wale wa mezani
aje hapa, katikati ya mashuka haya,
anitajie kwa jina ni nani aliyepoozwa.
Sijui kama hiyo yaweza kuwa sheria.
Mimi ni mshona sidiria.

Jana usiku niliitoa ile bastola.
Nikaiweka juu ya barua, pale penye asilimia,
nikabonyeza. Tak.
Wino ulishakauka; karatasi ikatoka tupu,
nikaiacha ibaki hivyo hivyo, nyeupe, juu ya ile namba.

Chumba cha pili kitanda kikalia.
Mama, ambaye siku hizi hajui ni mwezi gani,
aliita gizani, pumzi juu juu:
"Wewe binti, usipige bado!
Sijafika kwenye maharagwe."