Saba ya Alumini

Ile saba ilidondoka usiku wa upepo, mwezi wa Februari,
ikabaki mbili peke yake mlangoni.
Tangu hapo kila kifurushi changu huishia kwa Idwal,
namba mbili ya kweli, mwisho wa mtaa, karibu na reli.
Idwal si mwizi, ila hufungua kwanza, husoma jina baadaye.
Soksi zangu za sufi amezivaa hadi kanisani.

Ndiyo maana nikabonyeza: nitachukua mwenyewe dukani.

Ndoo ya chuma, moja.
Saruji ya tanuri, mifuko miwili.
Chungu cha grafati, kidogo, cha kumeza kikombe kimoja cha chai.
Mkaa. Koleo ndefu. Glovu za ngozi za kufika kiwikoni.
Simu ikalia nikiwa naosha vyombo:
oda yako iko tayari, isipokuwa glovu.

Nikaenda na kigari cha sokoni, mvua ya Llanelli ikinisindikiza,
mvua isiyonyesha wala isiyokoma,
imekaa tu hewani kama mgeni asiyejua kuaga.
Kijana wa kaunta, kifuani ameandikwa Macsen,
akasoma namba yangu tarakimu moja moja.
"Unapika nini na vyote hivi?"
"Saba," nikamwambia.
Hakucheka. Akaniletea mfuko wa pili begani,
akaushusha taratibu kama mtoto aliyelala.

Baba alifanya kazi kiwanda cha bati miaka thelathini na mmoja.
Nyumbani hakuleta ujuzi. Alileta mikono ya shati yenye matundu,
kila tundu cheche moja,
na mama aliyaziba kwa uzi wa rangi yoyote uliokuwepo.
Kiwanda kilibomolewa, wakajenga duka.
Kaunta ya Macsen, nikikisia vizuri,
iko pale lilipokuwa tanuri la tatu.
Au choo. Sina hakika.

Nikakandika ndoo kwa ndani, kiganja kwa kiganja,
nikaiacha wiki mbili chini ya meza ya jikoni,
maana saruji yenye unyevu haisamehi.
Mvukuto wangu ni kikausha nywele cha waridi
kilichofungwa kwa utepe kwenye bomba la sinki.
Makopo ya bia nilipewa na Ceinwen, aliyeapa si yake.
Glovu zilifika Alhamisi. Macsen alikuwa amezificha chini ya kaunta
asije mtu mwingine akazitamani.

Alumini haitangazi kuyeyuka.
Kopo linasimama, linasimama,
kisha halipo.
Nikaengua mavi ya chuma, ingawa si chuma,
kwa kijiko cha supu ambacho hakitaiona supu tena.
Kalibu yangu ilikuwa sinia ya keki iliyojaa mchanga mkavu,
na ndani yake saba, nimeichora kwa mpini wa uma.
Nikamimina. Pumzi tatu, labda nne.
Mng'ao ukatanda juu yake, ukafifia, kama jicho linalosinzia.

Asubuhi nikaibandua, nikaigeuza upande laini, upande wa fahari:
saba ikanitazama kinyume, saba ya kwenye kioo.
Hilo hakuna aliyenionya.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopoa
nikacheka mpaka Ceinwen akafungua dirisha.

Basi nimeipigilia hivyo hivyo, uso ukutani.
Mgongo wake wenye makunyanzi na vinundu
ndio unaotazama barabara, na mgongo unasomeka sawa.
Upande mzuri unauona ukuta peke yake.

Idwal amerudisha soksi, amezifua, moja imerefuka.

Na jana nimeagiza mfuko mwingine wa mkaa.
Waliponiuliza, mlangoni au dukani,
nyumba yangu sasa inaonekana toka kituo cha basi,
lakini kidole kilishajibu.
Macsen anataka kuliona tanuri.
Nimemwambia aje na makopo.