Karakana ya Pasua

Mtaa wetu unaitwa Pasua
na kazi yetu ni hiyo hiyo.
Wageni wa Moshi hucheka wakielekezwa.
Sikucheka Jumanne ile
gogo la Elinami lilipojipasua lenyewe
juu ya troli, msumeno umezimwa,
umeme umekatika tangu saa mbili:
pa! kama kofi la mdai mezani,
na ufa ukatoka moyoni hadi gomeni,
mpana wa kuingiza kidole, kisha viwili.

Elinami akanitazama.
Mimi nikautazama msumeno.
Msumeno haukuwa na la kusema.

Ulikuwa mkaratusi wa Mbokomu, pembezoni mwa kihamba,
alioupanda mwaka Haikaeli, bintiye, alipoingia sekondari.
Miaka kumi na miwili, na tayari umeipita nyaya za umeme.

Nikamweleza nilivyofunzwa na mbao zilizonitia hasara:
kila msimu mti huvaa nguo mpya juu ya kuukuu,
na kila nguo hushonwa ikiwa imevutwa.
Nje panavuta, ndani panabanwa,
kamba na nguzo katika mwili mmoja,
wala hutaona kitu. Utaona umenyooka.
Wapita njia watausifu.
Siku ukiukata, kamba inarudi, nguzo inajitanua,
na vyote vilivyonyamaziwa
vinasemwa kwa mkupuo.

"Kwa hiyo kosa ni la mti?"
La haraka, nikasema. Ya kwako, ya mti, na ya kwangu.

Ilikuwa imebaki mitatu. Nikapanda naye mlimani.
Mmoja umeinamia korongo: huo tukauacha.
Mti ulioinama una ugomvi upande mmoja.
Wa pili mwembamba kama mkono wangu;
nikamwambia, huu uache unenepe,
unene ni subira, na subira haipasuki upesi.
Wa tatu tukauvua mshipi wa gome, shubiri moja kuuzunguka,
tukauacha umesimama na majani yake
ujichoshe taratibu.
Inasaidia kidogo. Sikumwahidi uponyaji.

Kila Jumapili alinipigia simu:
"Bado umesimama,"
kwa sauti ya mtu atokaye kumwona mgonjwa.

Mwezi wa tano majani yakawa rangi ya chai.
Tukauangusha asubuhi, ardhi ikiwa bado laini.
Kabla ya kuukata vipande nilichimba mfereji mwembamba,
kina cha kidole, kuuzunguka mwili,
huku na huku ya pale msumeno utakapopita.
Ncha tukazipaka nta ya mishumaa,
tukagongea vyuma vilivyopinda kama nyoka,
tukavika magunia, tukayamwagia maji ya mfongo
hadi jirani akauliza kama tunaosha maiti.

Kesho yake, si mwezi ujao, tukapasua.
Toa ubavu huu, geuza, toa ubavu ule,
kama mama anayewapakulia watoto wawili
wanaochungulia sahani ya mwenzao.
Kipande cha moyo tukakitenga. Kuni.

Mbao kumi na moja.
Tatu zikapinda hata hivyo, moja vibaya,
ukiilaza chini unaweza kuibembea.
Elinami akazihesabu nane zilizobaki mara mbili,
akasema zinatosha mlango wa nyumba ya Haikaeli.

Haikaeli akaja mwenyewe kuutazama,
ametoka zamu ya usiku wodini,
viatu vyeupe vimechujuka,
yule anayewalipia ada wadogo zake wanne,
yule ambaye kijiji kizima humtolea mfano.
Akaweka kiganja juu ya ubao.
"Umenyooka," akasema,
kisha akaketi kwenye rundo la vumbi la mbao
na machozi yakaanza, bila sauti, bila sababu aliyoitaja.

Sikuuliza.
Nikazima msumeno.
Nikawatuma vijana wakanunue chai,
nikawaambia wasikimbie.