Ya Pili

Kikoti alitandika gunia la chai juu ya meza,
akaweka tatu.
Nje, Iringa ilikuwa na lile jua la Juni
linaloangaza bila kupasha.
“Ya kwanza unayo,” akasema, akikipitia kibali changu upya.
“Ninayo.”
“Kubwa?”
“Kubwa.”
Hakuuliza siku ile ilikuwa wapi. Nilimpenda kwa hilo.

Mkuu wa polisi wa wilaya ndiye aliyeuliza.
Alinikalisha kwenye benchi asubuhi nzima,
barua ya mtendaji mapajani, vidole vimelowa wino:
Mama Luvanda, mtu mmoja, bastola mbili, ya pili ya nini?
Nikamwambia, afande, akiba haiozi.
Akacheka, akagonga muhuri.
Sikumwambia kwamba ile kubwa ilikuwa kwenye droo ya gari,
umbali wa mkono mmoja,
na mkono huo ulikuwa kichwani.

Ya kwanza kwenye gunia ilimeta kama kijiko cha harusi.
Nikairudisha. Kitu cha kuficha hakitakiwi kujipenda.
Iliyofuata ilikuwa na mtutu mrefu, nyundo imechomoza;
nikaitia mfukoni mwa koti, nikaichomoa,
ikatoka na bitana.
Kikoti akaukata uzi kwa meno, bila neno.
Ya tatu nyeusi, fupi, nyundo imezama ndani,
tundu tano, risasi za ishirini na mbili.
Nikaipima kiganjani: viazi viwili vya Makete, vile vidogo
ambavyo mnunuzi hutupia juu ya rumbesa bila kuhesabu.

“Ni ndogo,” nikasema.
“Ndogo inaumiza kidogo, ila ipo.
Kubwa inaua, ila iko kwenye droo.”

Kumbe alijua. Mufindi nzima ilijua.

Tano, nikahesabu. Wale walikuwa wanne.
Hata kwenye mbao tunafanya hivyo hivyo:
unaagiza na moja ya kupasuka.

Siku hizi pesa inalala kwenye simu, mtasema.
Wapasuaji wa Ihalimba wanataka noti,
wazione, wazinuse, wagawane kabla moshi wa mashine haujatulia.
Kwa hiyo natembea na mfuko,
kwa hiyo misonobari inanijua,
kwa hiyo saa kumi na mbili jioni gogo lilikuwa limelala barabarani
na ukungu umelilalia.

Hili sikulisema kituoni:
mdogo wao, mwenye panga, alipofungua mlango wangu
alisema, “Shikamoo mama.”
Kisha, “Toa mfuko.”
Nami, mikono kichwani, meno yakigongana,
nikajibu, “Marahaba.”

Marahaba! Kama anayepokea kikombe cha chai.

Nililipia ya tatu. Nikalipia risasi hamsini
na kichupa cha mafuta, maana Kikoti alisema
ukungu wa kwetu huingia hata ndani ya chuma;
risasi inayokaa mfukoni msimu mzima bila kubadilishwa
huota kijani.
Kumbe inaoza.

Sasa inakaa mfuko wa kulia.
Koti limeanza kuinamia upande huo, nami pamoja nalo.
Sigrada, binti yangu, anadhani ni mgongo,
kila jioni ananichua kwa dawa inayonuka mkaratusi,
nami namwachia achue.

Leo alfajiri, njia panda ya kiwandani,
kijana mmoja alitoka kwenye ukungu akisukuma baiskeli ya mkaa.
Sikumwona uso.
“Shikamoo mama.”
Kidole changu kilikuwa kimeshafika. Hakikukwama popote.
Nilichagua vizuri.
“Marahaba,” nikasema,
nikabaki nimesimama hivyo, mkono ndani,
mpaka mlio wa mnyororo wake ulipokwisha.