Tarakimu ya Tisa

Kila Juni Tyyne hushuka na taa
kwenye chumba cha mawe, pwani ya Vaasa,
huangusha kioo kidogo ndani ya ombwe,
mara mia, mara elfu,
na leza huhesabu kinavyokwenda.

Mimi kazi yangu kubeba betri.
"Sogea," aniambia. "Hata wewe unavuta."

Tarakimu ya tisa imepungua tena.
Barafu iliyoikalia nchi hii iliondoka zamani,
miaka elfu kumi sasa,
na ardhi ingali inanyanyuka
kama godoro baada ya mgeni mzito kuaga.
Gati la baba yake limebaki majanini;
ng'ombe hujikunia kwenye nguzo
alizofungia boti.

Vitabu vyasema hakuna mkono uvutao.
Upo uga, umetanda kote,
hata pasipo na cha kuanguka.
Namweleza kwamba kwetu uga
ni kiwanja cha kuchezea pia:
kengele imelia, watoto wameingia darasani,
na bado unajua pa kupita
usiukanyage mstari wao.

Anacheka. Anaandika nambari,
anaizungushia wino wa bluu.
"Baba alikuwa na kilo tisini," asema.
"Mwaka aliokufa nilipima wiki nzima.
Chombo hakikuona kitu."

Afunga sanduku.
Twapanda ngazi, yeye mbele,
na pale barazani kwake, bila kutazama,
anakipitia kwa mbali kiti kitupu
kama mtu akwepaye
magoti ya aliyeketi.